Bluzi ya Mpenzi wa Meza ya Nne

Mama Pasi alikuwa ananyoosha mashati meza ya nne pale kiwandani, msimamizi akaingia na simu inayoimba. Ilikuwa albamu mpya ya muziki wa bluzi ya mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, ingawa pale hakuna aliyejua kuwa mwimbaji huyo ni mumewe. Wimbo wa kwanza ulipasua jipu: wafanyakazi wa kiwanda hicho hufungiwa ndani kwa kufuli mpaka saa ya kutoka.

“Nani kamwambia?” msimamizi akafoka. “Huyo leo anakula kwao!”

Kila mtu akajifanya hayumo.

Ukaingia wimbo wa pili, wa mapenzi, gitaa linalia taratibu: “Kipenzi changu wa meza ya nne, mwenye kovu la pasi kidole gumba…”

Macho yote yakatua mkononi kwake. Shati likaanza kuungua, naye kaduwaa tu.

“Kumbe wewe!” msimamizi akapiga kelele.

“Kwani nimesema uongo? Kufuli si lile pale?” Akavua aproni kabla hajafukuzwa, akawageukia wenzake. “Jamani, miaka kumi na miwili ya ndoa hajawahi kuniambia ananipenda. Leo ndiyo kaona aniambie, tena mbele ya bosi!”