Mitihani Miwili kwa Wakati Mmoja

Bado naikumbuka siku ratiba ya mtihani wa mwisho ilipobandikwa chuoni, mdogo wangu. Ningekuita mwanangu, lakini sina hata mvi moja, utanicheka. Nilikuwa nasomea upishi kwenye chuo kidogo karibu na Jogoo Road, Nairobi, natoka mtaa wa Komarock kila asubuhi na aproni iliyopigwa pasi na ndoto zisizoingia kwenye mkoba. Hoteli moja ilikuwa imeniahidi kazi jikoni, mradi tu nimalize karatasi zote za mtihani muhula huo.

Sasa, hesabu za biashara nilikuwa nimeanguka mwaka wa kwanza, ikabidi nizirudie na wale waliokuja nyuma yangu. Kutazama ratiba, nakuta hesabu na mtihani wa kupika vyote ni Jumanne asubuhi, saa ile ile. Ofisini sikwenda. Nilijiambia, ukienda kulalamika watakukumbusha ulivyoanguka. Nyamaza, utajipanga.

Na kweli nikajipanga! Nikaamua nitapika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo kwetu Ukambani hukaa motoni mpaka watoto wanasinzia. Nibandike sufuria, nikimbie nifanye hesabu, nirudi nipakue. Niliona nina akili ya ajabu.

Siku ya kutaja vyakula tutakavyopika mtihanini, mwalimu wetu wa upishi, Madam Ndunge, mama mtu mzima asiyepandisha sauti, alituuliza mmoja mmoja mbele ya darasa.

"Muthokoi na maharagwe, na supu ya mifupa," nikasema.

"Kila kitu cha kuchemsha. Kwani unapikia matanga?"

Darasa likacheka.

"Ni chakula cha kwetu, Madam."

"Hata kwetu. Lakini wakati wa mtihani utaisha kabla mahindi hayajalainika. Haya niambie, ukishabandika unaenda wapi?"

Nikajikuta nimesema. "Naenda kufanya hesabu, Madam. Brenda ataniangalizia."

"Mimi?" Brenda, rafiki yangu wa darasani, akaruka. "Manze, na chapo zangu kikaangoni ataziangalia nani?"

Madam hakucheka. Alingoja wenzangu watoke, akaniambia, "Mutheu, aliyepanga ratiba anaangalia vyumba na masomo. Hajui kuna msichana anayerudia hesabu. Atajuaje usipomwambia? Ulianguka, sawa. Usione haya mpaka ukaanguka tena. Twende."

Tukaenda. Karani wa mitihani wala hakushangaa. Alisema kila muhula wapo kama mimi, wanaomsumbua ni wale wanaokuja siku yenyewe wakilia. Wakanipangia nipike asubuhi, hesabu nifanye mchana, na katikati nikae na mwalimu, bila simu, bila kuongea na waliokwisha kuzifanya hesabu hizo asubuhi. Basi Jumanne ile niliacha muthokoi, nikapika chakula cha kuiva haraka, kisha nikala chakula cha mchana ofisini kwa Madam, tumenyamaza kama tuko kanisani, Brenda akinipungia mkono dirishani mpaka akafukuzwa.

Hesabu nilipenya tu, pembamba kabisa. Lakini nilipenya! Leo nimesimama kwenye jiko la hoteli ile, na kila nikikatakata vitunguu naota mkahawa wangu mwenyewe kule mtaani Pipeline.

Kwa hiyo sikia, mdogo wangu. Ratiba ikitoka, usitosheke na picha yake ya kwenye grupu la darasa. Nenda uisome mwenyewe, utafute kila karatasi yako, hasa ile ya kurudia, maana hiyo ndiyo hugongana na nyingine. Zikigongana, fika ofisini siku hiyo hiyo na kitambulisho chako. Usimwachie kiongozi wa darasa, naye ana mitihani yake. Ukiogopa, na utaogopa, mwombe mwalimu mmoja akusindikize. Kusema una shida si usumbufu. Ofisi ile ipo kwa ajili yako.

Mungu akupe sauti ya kuuliza, akukutanishe na watu wenye subira. Na siku ya mahafali, jina lako likisomwa, mama yako awepo pale, apige vigelegele mpaka sauti imkauke.