Kiuno cha Sketi

Trrr. Ni uzi wa kiuno cha suruali ya baba yake, ukifumuka kwa wembe. Fundi cherehani hajaisahau sauti hiyo. Alikuwa binti anayejifunza kazi, na baba kasimama mbele yake, kajaa bashasha.

"Bana kidogo, mama. Kitambi kinaaga!"

Wakacheka. Suruali ile baba hakuwahi kuichakaza; ugonjwa ulimwahi.

Miaka ikapita, akaja kaka yake na suruali ya kazini. "Dada, wifi yako ananibania chakula. Nipunguzie." Akafumua, akabana, akapiga pasi. Kaka naye akafariki, kwa ugonjwa uleule uliomuua baba: saratani ya utumbo.

Tangu hapo fundi akajijengea ngome kwenye sahani. Nyama ya kuchoma akaipa kisogo. Akala maharage, mboga za majani, maziwa ya mgando. Majirani wakamtania, "Shoga, kesho utalia mee!"

"Afadhali nilie mee kuliko kulia msibani," akawajibu.

Kisha sketi yake mwenyewe ikaanza kumpwaya. Aliipunguza huku akipiga soga na mteja, mikono ilikwishazoea. Mpaka alipoona damu chooni ndipo akili ikamrudia, akaenda hospitali kupimwa.

Daktari hakumficha. "Chakula chako ni kizuri, mama. Kinawalisha vijidudu wema wa tumboni, nao huulinda utumbo. Lakini kwenu kuna kasoro ya kurithi, iko ndani ya vinasaba. Mboga hupunguza hatari, haziifumui kasoro hiyo."

"Nimechelewa?"

Daktari akaitazama meza. "Umechelewa, mama. Una mtoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Huenda karithi, huenda hakurithi. Mlete apimwe, asingoje dalili."

Njia nzima alikuwa akitafuta pa kuanzia. Amwambie leo? Amwache ale kwanza? Alipofungua mlango akamkuta bintiye kando ya cherehani, sketi mkononi, uso umechanua.

"Mama, nibanie kiuno. Inanipwaya hiyo! Wala sijajinyima chakula. Mwanao si mwanamitindo sasa?"

Fundi akaipokea. Akaupapasa mshono, akachukua wembe kwa mazoea. Makali yakagusa uzi, mkono ukagoma.

"Mama? Mbona hufumui?"

Akauweka wembe chini. Akaikunja ile sketi, akaikumbatia kifuani, na kwa sauti ndogo kuliko ile ya uzi, akasema:

"Hii siipunguzi, mwanangu."