Jina la Arobaini na Moja

Saa kumi na moja alfajiri, chini ya kitanda cha Quinter Apiyo, kitu kinalia ti, ti, ti. Ni kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapopotea. Betri yenyewe imezeeka. Ikianza kulia hivyo, imebakiza dakika kama kumi.

Quinter anajifunga leso, anavuta stuli, anawasha taa ya simu. Macho yake ni mekundu.

"Umeme ulirudi jana jioni, sasa umeenda tena," anasema. "Na leo ni Jumamosi. Saa nne watu wanaingia."

Quinter ana miaka 38. Mchana huwachapishia watu barua na kuwajazia fomu katika kibanda chake hapa Sotik. Siku ikiwa njema, anapata shilingi mia sita. Kazi ya alfajiri hailipi. Anatunza seva ya mchezo, yaani kompyuta ndogo nyeusi iliyo mezani, ambamo watu wa mbali huingia kwa simu zao na kucheza pamoja.

Mchezo wenyewe ni wa kujenga. Wachezaji ni watu waliokulia katika laini, yaani safu za nyumba za wafanyakazi, za shamba moja la majani chai, ambako babake Quinter, mzee Obiero, alikuwa fundi wa mitambo. Mashine za kuchuma zilipoletwa, familia zilitawanyika: Siaya, Nyamira, Mulot. Nyumba zikabomolewa. Kwa miaka miwili wamezijenga upya ndani ya mchezo, mlango kwa mlango, hata bomba la maji lililokuwa likivuja.

"Pale penyewe sasa ni nyasi," Quinter anasema. "Hatuna pengine pa kukutana."

Jana alasiri alikuwa akiweka toleo jipya la mchezo. Kwanza alianza kuhifadhi nakala ya mipangilio, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kuingia na sheria kwamba hakuna anayeweza kubomoa nyumba ya mwingine. Kisha radi ikapiga.

Huku, radi ya kwanza ikisikika, kila mtu huchomoa kila kitu ukutani. Radi za Kericho na Bomet zimeunguza televisheni nyingi. Quinter alichomoa kila waya, hata ule unaounganisha kompyuta na kisanduku, kama alivyofundishwa na mamake, bila kutazama nakala ilikuwa imefika wapi.

Alipowasha tena, kuzimika huko kwa ghafla kulikuwa kumefuta mipangilio, na mchezo ulikuwa umerudi kama mpya. Orodha ilikuwa tupu. Sheria ya kulinda nyumba ilikuwa imezimwa. Akafunga lango la kuingilia mchezoni, akalala na nguo zake.

Sasa mlio unaongeza kasi. Mlango unagongwa. Ni jirani yake, Weldon Kipkorir, mfugaji, amebeba betri ya sola mikononi kama mtoto.

"Nimesikia hicho kifaranga chako kikilia," anasema. "Hii ni ya zizi langu. Nitakamua na tochi."

"Weldon, ng'ombe watakupiga teke gizani."

"Wananijua. Wewe ndiye unahangaikia watu ambao hata hawakulipi."

Anaunganisha waya mwenyewe, anajaribu mara mbili, kisha anaondoka bila kungoja chai.

Quinter anamwandikia msaidizi wake wa akili mnemba, programu aliyoiruhusu kufungua hifadhi ya nakala iliyo mtandaoni na kuleta anachoagizwa. Yeye humwita Karani, kama karani wa mizani anayepokea majani na kuandika kilo.

"Karani, niletee nakala ya mwisho ya mipangilio, uirudishe," anaandika.

Jibu linakuja: "Ya mwisho ni ya jana, saa tisa alasiri, lakini imekatika baada ya jina la kumi na saba. Ya Jumatano imekamilika, ina majina arobaini. Sijarudisha yoyote. Nichukue ipi?"

Quinter anashusha pumzi.

"Ingekuwa mimi na usingizi huu, ningerudisha ile mbovu," anasema. Anaandika: "Jumatano." Anaikagua orodha jina kwa jina, anaona sheria imewaka, ndipo anabandika chai.

Saa nne lango linafunguliwa. Wanaingia mmoja mmoja: Jairus akiwa Siaya, Fancy akiwa Mulot. "Nani amelala na funguo?" Jairus anatania kwa maandishi. Nyumba zote zimesimama.

Dakika ishirini baadaye, Karani anaandika: "Kuna mtu amekataliwa mara sita. Anajaribu tena sasa hivi. Jina lake halimo."

Quinter anasoma jina hilo, anaweka kikombe chini.

"Ni Mama Onyancha. Nilimwandika Alhamisi."

Mama Onyancha alichuma chai miaka ishirini na saba. Sasa yuko Nyamira, magoti hayamruhusu kusafiri, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuingia, kwa simu ya mjukuu wake wa kike. Wenzake walimjengea nyumba namba kumi na nne, mlango wa buluu. Quinter anaongeza jina kwa mkono wake, kisha anampigia.

"Mama, nisamehe. Kosa ni langu. Jaribu sasa."

"Mimi nilijua ni mlango umevimba na mvua," sauti ya mama huyo inasema. "Nikaendelea kusukuma."

Kwenye kioo, mtu mdogo wa rangi ya kahawia, ndiye Mama Onyancha, anatokea, anajigonga ukutani mara mbili, anafika kwenye mlango wa buluu. Anaingia, na mtu mdogo wa Quinter anamfuata hadi mlangoni, anasimama nje.

Quinter ana mpango wa kununua betri mpya, shilingi elfu tisa, kabla ya mvua za Aprili. Ameshaweka elfu mbili. Na Karani ameagizwa kuhakikisha kila nakala imekamilika na kumjulisha, ili radi ikipiga ajue kama anaweza kuchomoa. Anapiga miayo. Saa sita atamrudishia Weldon betri yake.

Simu bado iko sikioni.

"Wewe ni msichana wa Obiero, si ndiyo?" Mama Onyancha anauliza.

"Ndiyo, mama."

"Umesimama tu hapo nje kwangu na hujaingia. Leo sijui jiko la kukupikia chai liko wapi. Jumamosi ijayo njoo tena, nitakuwa nimelipata."