Tulivyoshuka Mazinde na Dashibodi ya Namba

Mama mkwe wangu anaishi Mazinde, kule chini kwenye barabara ya kwenda Same, kwa mwanawe wa mwisho anayefanya kazi kwenye shamba la mkonge. Sisi tunaishi juu, Lukozi, tunalima karoti na kabichi. Jioni moja huyo shemeji yangu, Juma, alipiga simu kusema mama ana homa, hali chakula, na kila akiamka anamtaja Zaina. Zaina ni mke wangu. Alifunga mkoba wake papo hapo, kisha akaketi kitandani ameupakata, asijue aondokeje.

Kwa wasiomfahamu, lazima nieleze. Zaina hawezi gari. Basi dogo la kwenda Lushoto hulivumilia kwa shida, ameshika limau puani, lakini zile kona za kutoka Soni kwenda Mombo humtoa utumbo. Mara ya mwisho alishushwa Mombo hajitambui, na watu wakadhani ndiye mgonjwa anayepelekwa hospitali. Pikipiki angeiweza, kwa sababu upepo unampiga usoni na kichefuchefu hakimpati, ila tangu aanguke hataki hata kuisikia. Alikuwa amekodi bodaboda kutoka Magamba. Akamwomba kijana apunguze mwendo, na kijana akamjibu, "Tuko kwenye ishirini tu, mama." Kona iliyofuata wakaenda mtaroni, na Zaina akavunjika mfupa wa bega.

Mimi nina pikipiki yangu, niliyoinunua kwa mtu. Inanitosha kwa kupeleka karoti sokoni, lakini mshale wake wa mwendo ulikuwa unarukaruka kama panzi. Mara sifuri, mara themanini, na pikipiki imesimama. Usiku ule nilimwambia Zaina kwamba nitampeleka mwenyewe, taratibu.

"Taratibu ya nani?" akauliza. "Huo mshale wako hata wewe huuamini."

"Sasa unatakaje?"

"Nataka namba. Kubwa, nizione mwenyewe nikiwa nimekaa nyuma. Kama ile ya mtoto wa Mzee Hozza."

Kijana huyo alikuwa amefunga dashibodi mpya inayowaka namba za buluu, na pale sokoni Lukozi watu waliizunguka kama maulidi. Nilicheka, lakini Zaina hakuwa anacheka. Zamani pikipiki ilikuwa ya padri, ya bwana shamba na ya mwalimu mkuu, na kipuri kikiharibika unaandika barua Tanga na kusubiri. Siku hizi biashara imefunguliwa, Lushoto ina maduka ya vipuri kila kona, na vitu vya Kichina vinaning'inia mlangoni kama ndizi. Nikasema sawa, kesho tutapita Lushoto kwanza, na ukiona namba zinasema uongo, utarudi nyumbani.

Asubuhi na mapema niliondoka Lukozi peke yangu, Zaina akifuata kwa basi na limau lake. Magamba kulikuwa na ukungu hadi nikawasha taa. Baada ya msitu barabara inateremka, nami nikafanya kama tunavyofanya wote huku kwetu: nikaweka nyutro, gia ikawa huru, nikazima swichi, nikaiacha pikipiki ijishukie yenyewe. Mafuta yanabaki kwenye tangi, na unasikia ndege na vijito. Mtu wa Lukozi anayeteremka na injini inanguruma huonekana mgeni au tajiri.

Lushoto nilimkuta fundi Salehe amekwishafungua. Ni kijana mwenye heshima, mikono yake myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko. Alitoa ile dashibodi ya zamani na ule waya mrefu uliokuwa unatoka gurudumu la mbele, akautupa pembeni. Mahali pake akafunga sumaku ndogo kwenye gurudumu, na kando yake kifaa kama kifungo cha koti, kinachohesabu kila sumaku inapopita. Kazi kubwa ilikuwa nyaya: ya taa, ya indiketa, ya nyutro, ya tangi. Alizijaribu moja moja. Indiketa ya kulia ikawasha honi, akaguna, akaanza upya.

"Ukifungua swichi," alinieleza, "itapandisha namba zote kwanza hadi mwisho, mia tisini na tisa, halafu inashuka. Inajipima tu, usishtuke. Na hii ya mafuta haipatani na tangi lako, itakuambia limejaa siku zote. Mafuta angalia kwa macho."

Nilimwitikia. Zaina alikuwa bado sokoni akimnunulia mama yake plamu na mapeasi, wala sikuona sababu ya kumsimulia mambo ya kujipima.

Baada ya adhuhuri alikuja, rangi imemrudi usoni. Salehe alimwamkia shikamoo, na Zaina akaitikia bila kuondoa macho kwenye dashibodi iliyokuwa ikiwaka sifuri kubwa ya buluu.

"Nitajuaje kama haidanganyi?"

Salehe hakubishana. Alikandamiza mkia wa pikipiki kwa uzito wake wote hadi gurudumu la mbele likanyanyuka, akamwambia, "Zungusha mwenyewe, mama." Zaina akainama, akalizungusha kwa kiganja. Tatu. Akalizungusha kwa nguvu. Saba, tisa, kumi na moja. Akalishika likasimama, na sifuri ikarudi. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, Salehe akitoka jasho kule nyuma. Kisha akajipangusa mkono kwenye khanga.

"Haya," akasema. "Twende kwa mama."

Moyo wangu ulitulia kama wa mtu aliyepata mvua baada ya kupanda.

Kutoka Lushoto hadi Soni tulikwenda vizuri mno. Zaina alikuwa amevaa suruali ya michezo ya Rehema, binti yetu, chini ya gauni, akakaa akitazama mbele, kidevu chake karibu na bega langu. Alizisoma namba kwa sauti. "Thelathini. Thelathini na mbili. Punguza. Ishirini na nane." Nikapunguza. Watu waliokuwa wakiuza matunda kando ya barabara walitutazama, nadhani walifikiri tunaswali. Soni tulipumzika kidogo, tukasikia maporomoko, na Zaina akala peasi moja kati ya yale ya mama.

Chini ya Soni ndipo barabara inapojikunja kati ya jabali na bonde. Na hapo, wallahi, sikufikiri chochote. Mteremko ulipoanza, mguu ukaweka nyutro na mkono ukazima swichi, kama ulivyofanya miaka yote. Kwa ile dashibodi yangu ya zamani isingekuwa kitu, kwa sababu mshale ulizungushwa na gurudumu na haukuhitaji umeme. Hii mpya ilizimika palepale. Mbele yetu pakabaki kioo cheusi.

"Baba Rehema! Namba ziko wapi?"

"Usiogope, tunaenda taratibu tu," nikasema.

Nilisema hivyo nikiamini. Injini ilikuwa kimya, upepo ulikuwa mwanana, na kwa hisia zangu tulikuwa kwenye arobaini, si zaidi. Lakini nilisikia kucha za Zaina zikiingia mbavuni mwangu, na kona ilikuwa inakuja. Nikafungua swichi ili apate namba zake. Kioo kikawaka, na namba zikaruka juu hadi mia tisini na tisa.

Zaina alipiga ukelele ambao nadhani ulifika Mombo kabla yetu. Akanikumbatia kwa nguvu akavutia upande, pikipiki ikayumba, nami nikashika breki zote mbili. Namba zilishuka, zikatulia kwenye sitini na nne. Niliziona vizuri. Breki zilinuka, tairi la nyuma likaserereka kwenye changarawe, tukasimama tumeegemea ukuta wa jabali upande wetu. Gari la mizigo likapita likipanda, dereva akatutikisia kichwa.

Zaina akashuka. Alichukua mkoba na mfuko wa matunda, akaanza kutembea kuelekea Mombo, kofia ngumu bado kichwani.

Nilimfuata nimewasha injini, miguu ikiburuta chini. "Mama Rehema, panda. Mbali huku." Akahamishia mkoba bega la pili. "Mama Rehema, jua kali." Akaongeza hatua. Sitaficha, niliogopa. Niliona atafika kwa mama yake akiwa ameishiwa nguvu, au hatafika kabisa, na mimi ndiye niliyembembeleza kupanda.

Kwenye kona ya pili au ya tatu aliketi juu ya jiwe avue kiatu. Nikasimamisha pikipiki kwa stendi mbele yake, nikatoa ufunguo, nikamnyooshea.

"Fungua swichi wewe mwenyewe," nikasema. "Nakuomba. Imesimama, haina pa kwenda."

Aliupokea. Akainuka na kiatu kimoja, akaingiza ufunguo, akauzungusha. Namba zikapaa hadi mia tisini na tisa, zikarudi sifuri. Akazima. Akafungua tena. Mia tisini na tisa, sifuri. Nikamweleza maneno ya Salehe, kwamba kila ikiamka inajipima.

Kwanza alikaza midomo. Halafu kicheko kikamponyoka, akacheka hadi akashika mbavu, akakaa tena jiweni. "Nilisema leo tunaruka," akasema huku akifuta machozi. "Nilisema Mama ataletewa kofia tu." Nami nikacheka, mzigo ukanishuka mabegani, nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Alivaa kiatu, akakifunga pole pole, ndipo akaniuliza:

"Na ile sitini na nne? Nayo ilikuwa inajipima?"

Nikaanza kupangusa vumbi kwenye kioo cha dashibodi.

"Uliniambia tunaenda taratibu."

"Nilidhani arobaini."

"Hata yule kijana wa Magamba pengine alidhani," akasema. Hakusema kwa ukali. "Mimi siogopi mwendo, Baba Rehema. Nyumbani kwetu nilikuwa nashuka mteremko wa Rangwi na baiskeli ya kaka isiyo na breki. Ninachoogopa ni mtu kuniambia neno ambalo hakuliangalia."

Maneno hayo yaliniingia hadi ndani. Nilimwambia anisamehe, na nilimaanisha. Akasema sawa, lakini swichi isizimwe tena hadi Mombo, hata kama mafuta yote yataisha.

Tukashuka na injini inanguruma kama matajiri, gia ya pili, Zaina akisoma. Ishirini na tano. Ishirini na saba. Kwenye kona, kumi na nane.

Mombo joto lilitupokea usoni kama tumefunua sufuria. Tukavua makoti, tukanywa maji, tukashika barabara ya tambarare. Kabla ya magharibi tukawa Mazinde.

Na mama mkwe, niliyekuwa nikimwona moyoni amelala hajiwezi, tulimkuta nje kwenye mkeka, anachambua maharage. Nilipiga magoti kidogo kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mna mavumbi hivyo? Nani kafa?"

Zaina alimwangukia shingoni akalia. Ilikuwa malaria, Juma alikuwa amempeleka zahanati, dawa zimemkubali, na tangu jana anakula. Walizungumza Kishambaa hadi usiku, wakicheka na kukatizana, na mara kwa mara nilisikia "mia tisini na tisa" ikipita katikati kwa Kiswahili, kisha mama mkwe akigeuka kunitazama. Nililala nikiwa na amani ambayo sikuwa nayo tangu ile simu.

Tulikaa hadi mama alipoanza kutugombeza kwamba karoti zetu zitaoza. Siku ya kuondoka alimshika Zaina mikono, akanitazama na kusema, "Mrudishe kama ulivyomleta." Zaina akamkatiza, "Hapana mama, anirudishe vizuri zaidi."

Safari ya kupanda ni nyepesi kwa roho, maana pikipiki haina ujanja mlimani; inaguna tu. Nilipata muda wa kufikiri. Nilikwenda Lushoto nikidhani nanunua namba za kumtuliza mwanamke mwoga. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha kwa kudhani, miaka yote, na nikiwaambia watu nyuma yangu maneno ya kudhani. Namshukuru Mungu nimejifunza kwa breki kunuka tu, pasipo mfupa kuvunjika.

Baada ya Soni baridi ilianza. Zaina alijifunika khanga hadi puani, akalaza kichwa mgongoni mwangu, kofia yake ngumu ikinigonga kila tukiruka shimo. Tukafika karibu na Lushoto, ukungu ukishuka. Kisha nikasikia sauti yake, nzito kwa usingizi.

"Baba Rehema, tuko kwenye ngapi?"

Nikaangalia kwanza. "Ishirini na sita," nikamwambia.

"Haya," akasema, na hakuinua kichwa.