Chale za Nesi Mstaafu

Kwenye darasa letu la kompyuta pale Shangani, kila mwanafunzi alichora uso wake kwa kalamu ya umeme juu ya kibao, akifuatisha picha yake ya pasipoti iliyokuwa kwenye skrini. Mimi nilitoka muhogo wenye miwani. Jirani yangu, nesi mstaafu, Mmakonde mwenye chale mashavuni, alitoka yeye kabisa. Mwalimu wetu, mgeni wa mkoa huu, akabonyeza kitufe, chale zote zikatoweka.

"Mama, nimekusafisha mikwaruzo."

"Mikwaruzo?" Nesi akavua miwani. "Hizi alinichanja bibi yangu, na sikulia! Kwa sura hiyo hata marehemu mume wangu atanipita kama mgeni. Lete kalamu, baba!"

Akazichora upya bila kutazama picha: mkono wa kushoto ukipapasa shavu, wa kulia ukifuatisha kwenye kibao. Alipomaliza mstari wa mwisho, darasa zima tulisimama kwa vigelegele. Picha ikachapwa, ikabandikwa mlangoni.

Mwalimu, kwa aibu, akaomba naye achorewe chale kwenye picha yake.

Nesi akamkagua kama anayetafuta pa kupiga sindano. "Wewe, mwanangu? Utalia."