Kigingi Chenye Kitambaa Chekundu

Shangazi yangu hajawahi kulala kwenye hema kwa kupenda. Husema aliyebuni nyumba hakuwa mjinga. Lakini kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuchagua mahali ambapo wengine watapiga mahema: shule, familia, vikundi vya wafanyakazi, watu wa mjini waliochoka na kuta. Ofisi yetu huwapangia safari, na hapakuwa na kambi iliyoingia kwenye orodha yetu kabla yeye hajaikanyaga kwa miguu yake. Wasimamizi wa kambi walimwita Bibi Kigingi, na wakisikia anakuja walifagia mpaka mchanga.

Jina lilitokana na kazi yenyewe. Akifika kwenye kambi ya mtoni, kitu cha kwanza alichotafuta hakikuwa choo wala kivuli. Alitafuta takataka kwenye miti. Mto ukifurika huacha nyasi, matambara na mifuko imenasa matawini, na maji yakishashuka vitu hivyo hubaki palepale kama ushahidi. Shangazi alichukua alama ya juu kuliko zote. Kisha alitoa mpira mrefu mwembamba, unaopitisha mwanga, umejaa maji, urithi wa marehemu mume wake aliyekuwa fundi mwashi. Mafundi hupimia misingi kwa mpira huo, maana ncha zote mbili zikiwa wazi maji husimama usawa mmoja. Mtu mmoja alishika ncha moja kwenye ile alama mtini. Shangazi alipanda ukingo na ncha ya pili, ameilaza ardhini, kidole gumba kwenye mdomo wake. Akiinua kidole maji yakamwagika, bado yuko chini. Yasipomwagika, amefika. Hapo alipigilia kigingi chenye kitambaa chekundu, na chini ya kigingi hicho halikupigwa hema, hata aombe nani.

Mimi ni binti wa kaka yake. Alinilea tangu nina miaka tisa, akanitafutia kazi ya kupokea simu ofisini, na mpaka leo nikivaa sketi asiyoipenda ananiambia mbele ya wageni. Sisemi hivi kwa kulalamika. Nasema ili ieleweke kwa nini mwaka jana, jikoni kwake, nilipomwona anamimina chai nje ya kikombe, mezani kabisa, huku anaendelea kuzungumza, nilicheka.

"Shangazi, meza nayo ina kiu?"

"Umenikalia mwangani," akanijibu, akachukua kitambaa akafuta.

Sikuwa nimekaa mwangani. Dirisha lilikuwa nyuma yake. Nililijua hilo, nikanywa chai yangu, tukaendelea na mambo mengine.

Tangu hapo fomu zake za ukaguzi nilikuwa nazijaza mimi. Alinisimulia, nikaandika, akaweka sahihi pale nilipomwekea kidole. Alisema anachoka na karatasi. Watu husema macho hayana pazia. Ya shangazi yangu yalikuwa nalo, na mimi ndiye niliyekuwa nampangia samani ili asijikwae.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mkuu wa shule ya watoto viziwi. Mama mmoja mnene, mcheshi, anayezungumza kwa mikono hata na sisi tunaosikia. Alikuwa na watoto arobaini na wawili ambao hawajawahi kulala nje ya bweni, na aliwaahidi vyote kwa mpigo: mto, msitu na bahari.

"Wewe mwalimu au mganga?" Shangazi akamtania. "Vyote vitatu utavipata wapi?"

Vilipatikana. Kuna barabara moja inayofuata mto mpaka unapoingia baharini, na kandokando yake kulikuwa na kambi tatu: moja ufukweni, moja msituni, moja ukingoni mwa mto. Mwalimu aliondoka anafurahi. Shangazi akaniambia, "Mtoto anayesikia, mto ukinguruma ataamka. Hawa hawataamka. Hapa sitaki kubahatisha."

Dereva wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akimshikia mpira miaka yote, alikuwa amelazwa na mgongo. Basi nikaenda mimi, na usukani nikashika mimi.

Ufukweni hakukaa hata nusu saa. Alivua viatu, akaburuta miguu juu ya mchanga kutoka majini kwenda bara, mpaka akakanyaga mstari wa mwani mkavu. "Bahari huishia hapa ikijaa," akasema. Mawe ya kuzungushia moto yalikuwa hatua tano upande wa chini wa mstari huo. Alimwita msimamizi, akamuuliza kama wageni wake ni samaki, tukaondoka. Nilifurahi sana. Nikajiambia, mwone, hajapoteza kitu, mimi ndiye mwenye wasiwasi wa bure.

Msituni akasimama katikati ya uwanja wa mahema, mikono kiunoni, uso juu. Kanuni yake ya msituni ni kuangalia juu kabla ya chini, kwa sababu tawi kavu halipigi hodi. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Juu pakoje?" akauliza.

"Kwani wewe huoni?"

"Nakuuliza wewe. Nataka kujua kama umejifunza kitu."

Nikamwambia kuna matawi mawili makavu, moja limening'inia juu kabisa ya uwanja. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka, akamwagiza msimamizi ayakate. Hakunipa mtihani. Aliazima macho yangu.

Kambi ya mtoni ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na msimamizi wake alilijua hilo. Nyasi fupi, mti mkubwa wa kivuli, maji yanapita taratibu. Shangazi alishuka mpaka kwenye ule mti mkubwa, akaupapasa shina kwa mkono, akakuta fundo la nyasi kavu usawa wa kiuno chake.

"Shika hapa," akaniambia. "Hii ndiyo alama."

Nikainua macho. Juu ya kichwa changu, mbali kidogo kuliko mkono ulionyooshwa, kulikuwa na mafungu ya matete, kipande cha turubai la buluu, na ndala moja ya mtoto imebanwa kwenye panda la tawi. Mtu yeyote mwenye macho angeviona tangu akiwa barabarani.

Msimamizi alikuwa amesimama karibu. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Nikapanda juu ya jiwe, nikanyoosha mkono, nikaishikiza ncha ya mpira kwenye ile ndala.

Shangazi alipanda ukingo, anahesabu hatua kwa midomo. Kwenye kumi na nne akasimama, akainua kidole gumba. Maji yakamwagika. Akaenda mbele hatua tatu, yakamwagika. Nikamwona mgongo wake unabadilika. Ardhi ile aliijua kwa nyayo zake; alijua maji yanapaswa kukoma wapi. Aliendelea kupanda, maji yanamwagika juu ya vidole vyake, mpaka akaupita uwanja wote wa mahema, akafika karibu na lango. Hapo ndipo yalipokoma. Aligeuka akatazama upande wangu, au upande aliodhani nipo.

"Umeshika wapi?" akaita.

"Kwenye alama, Shangazi."

Hakuuliza tena. Akapigilia kigingi. Msimamizi akashika kichwa.

"Bibi, huku ni langoni! Mwaka jana ulipiga kule chini. Si kigingi chako kilekile?"

Kilikuwepo kweli, hatua kumi na nne kutoka mtini, kitambaa kimepauka. Chini ya ndala ile kwa karibu urefu wa mtu.

Tulirudi garini, tukafika kwenye lami. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kulikuwa na nini kule juu?"

"Matete. Turubai. Ndala."

"Ya mtu mzima?"

"Ya mtoto."

Akauweka mpira uliokunjwa mapajani, akaushika kwa mikono miwili. Aliniambia kwamba ukungu ulianza na jicho la kushoto, halafu la kulia, kwamba alidhani ni miwani, na alipojua si miwani aliogopa hospitali kuliko upofu wenyewe. Dereva alikuwa mtu wa kuambiwa shika hapa akashika hapa. Hakuangalia juu hata siku moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtoto wa mwenzio.

"Tangu ukungu uanze nimekagua kambi ngapi za mtoni?"

Nilijua jibu, kwa kuwa fomu niliziandika mimi. "Kumi na moja."

"Ipi ina watu leo?"

Moja. Kambi ya chini ya daraja, familia nne na watoto wao, tangu juzi. Na upande wa milimani, mbele ya kioo cha gari, mawingu yalikuwa yamekaa meusi tangu asubuhi.

Tulifika ofisini saa tisa alasiri. Meneja alikuwa anapanga funguo ukutani, makarani wawili mezani kwao. Shangazi alinyoosha mkono; nikapiga simu ya mezani kwenye kambi ya chini ya daraja, nikampa azungumze.

"Msimamizi, hamisha mahema yote. Yapandishe mpaka kwenye jengo la jiko. Sasa hivi."

Sauti ya upande wa pili ilisikika chumba kizima. "Bibi, tuko salama! Tuko juu ya kigingi, tena hatua mbili juu. Kigingi chako mwenyewe! Wewe ukishapiga umepiga, sisi huku hatuna shaka."

"Nakwambia hamisha."

"Wageni watagoma, Bibi. Niwaambie nini? Bibi Kigingi amekosea? Hakuna atakayeniamini, hata mimi sitajiamini." Akacheka, kwa heshima.

Shangazi alisimama na simu sikioni. Meneja alikuwa ameacha funguo zake. Miaka ishirini na miwili ya kutokosea ilikuwa imesimama kati yake na wale watoto, na yeye ndiye aliyeijenga.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi sioni. Siku niliyopiga kigingi hicho nilikuwa sioni. Nilipapasa mti nikakuta nyasi nikasema ndiyo hizo. Waambie hivyo. Waambie aliyewachagulia mahali ni kipofu."

Kisha tukasikia msimamizi anaita watu wake.

Mvua ilinyesha milimani usiku huo. Mto ulipanda, ukachafuka, ukachukua gogo na ndoo moja, na pale kambini ukakomea hatua mbili chini ya kigingi cha zamani. Kile kibaya. Familia nne zililala sakafuni jikoni, zimebanana na masufuria, kwa ajili ya maji ambayo hayakuja, na asubuhi walipiga simu kwa hasira ambayo sitairudia hapa.

"Umeona?" meneja akamwambia Shangazi. "Kigingi chako kilikuwa sawa. Umejivunjia jina bure, na sisi umetuvunjia."

"Hakikuwa sawa," Shangazi akasema. "Kilibahatika."

Meneja hakutofautisha. Wiki hiyohiyo alimwandikia barua ya kupumzika, na ilinibidi mimi nimsomee. Watoto viziwi walipelekwa msituni baada ya matawi kukatwa. Mwalimu mkuu alituletea picha yao wamejipanga mbele ya mahema, mikono yote hewani. Nilimweleza Shangazi picha hiyo mtoto mmoja mmoja, mpaka akaniambia inatosha.

Jumapili nilikwenda kwake. Mpira ulikuwa mezani, umekunjwa vizuri, umeoshwa.

"Kambi kumi bado zina vigingi vyangu," akasema. "Utavipima upya wewe. Nimemwambia meneja, amekubali, kwa kuwa hana mwingine. Nami hospitali nitakwenda Jumatano, usianze kelele."

"Sawa, Shangazi."

Nikachukua birika nimimine chai, maana siku hizi namimina mimi. Alisikia chai inaingia kikombeni.

"Kule mtini," akasema, "hukushtuka. Mtu akigundua jambo ghafla hupiga kelele. Wewe ulipanda jiwe ukanyamaza." Akanigeuzia uso. "Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu msituni. Asingeniona usoni.

"Tangu siku ya chai," nikasema. "Mwaka jana."

Nilitamani anitukane, anipige hata kofi, kama zamani nikivunja sahani. Alipapasa meza mpaka akaupata mpira, akausukuma upande wangu.

"Basi vile vigingi si vyangu peke yangu," akasema. "Kunywa chai yako, kesho unaamka mapema."