Ubao Usiozama

Kwa desturi ya Wachagga, mtoto wa kwanza hutafutiwa shamba lake, wa mwisho hurithi kihamba cha baba pamoja na nyumba na migomba, na wa kati hupewa baraka. Evaristo alikuwa wa kati. Baraka alikuwa nazo nyingi, nyingine zimemkaa tumboni. Mahali pa kuishi alipata kwa sababu Jovin, mdogo wake na mwenye kihamba, alikuwa Ujerumani miaka yote hiyo, na migomba haijitunzi yenyewe.

Mwaka 1997 Jovin akarudi na wazo. Enzi hizo kila mtu alikuwa na wazo. Bei ya kahawa ilikuwa haieleweki, na serikali ilikuwa imetangaza soko huru, jambo ambalo huku Marangu watu walilielewa kuwa kila mtu na lwake. Wazo la Jovin lilikuwa kambi ya watalii kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kule tambarare, ambako upepo hauna kazi. Mgeni atasimama juu ya ubao majini, ashike tanga, upepo umpeleke. Ilikosekana picha ya tangazo tu.

"Wageni wengi ni wanene, kaka. Wanaogopa. Wakikuona wewe umesimama, nani ataogopa tena?"

"Mimi sijui kuogelea. Maji makubwa niliyowahi kuingia ni ya mfongo." Na mfongo wa kumwagilia migomba humfikia mtu vifundoni.

"Ndiyo maana nakutaka. Mwanafunzi halisi." Jovin akaitazama migomba, taratibu, kama mtu anayetazama mali yake. "Au hutaki?"

Theopista, mke wa Evaristo, alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua macho shemeji yake alipoondoka.

"Ukikataa, Baba Zita, tutakwenda wapi?"

"Kwa baba yako."

"Kwa baba yangu wa kati wako watatu."

Ubao huchaguliwa kwa uzito, Jovin alisema, kwa hiyo wakaenda kwenye mizani ya kahawa ya chama cha msingi, ambayo tangu wanunuzi binafsi waingie ilikuwa haina shughuli nyingi. Karani, Kornel, akampandisha Evaristo, akasogeza chuma, akasogeza tena.

"Daraja la kwanza," alisema. "Ila bado ina unyevu. Mrudishe juani."

Bwawani kulikuwa na mbao mbili. Mmoja mwembamba, mwekundu, umechongoka. Mwingine mpana na mnene, rangi ya uji, kama mlango wa ghala, tanga lake limelala majini. Jovin akaeleza: mzito anayeanza achukue mpana, maana unabeba na hautikisiki. Mwembamba ni wa mjuzi mwepesi; mzito akiusimamia, unazama.

Evaristo alisikia neno la mwisho tu. Yeye hawezi kukataa, lakini ubao ukimkataa, hapo nani wa kulaumiwa? Atazama papo hapo, kwenye maji ya kiunoni, mbele ya shahidi, kisha atarudi kwenye shamba lake, yaani la Jovin.

"Nipe huo mwekundu."

"Kaka, nimesema hivi sasa..."

"Mwanafunzi amechagua."

Mwekundu ulimkataa kama alivyotarajia, ila haukumkatalia mahali alipopanga. Ulimtelezesha kando, penye shimo, mguu ukatafuta ardhi usiipate. Maji yakamwingia puani. Jovin akamsukumia ubao mpana, na Evaristo akaukumbatia kama jamaa aliyepotea miaka mingi. Alipanda kwa tumbo, kisha kwa magoti. Pale chini maji yalikuwa karibu mno na uso, hivyo akasimama.

"Vuta kamba ya tanga!"

Akaivuta, kwa kuwa ilikuwa kitu cha kushika. Tanga likainuka, upepo ukalijaza, ubao ukaondoka. Nyuma yake kamera ya Jovin ililia mara kadhaa.

"Safi sana! Umezaliwa nayo hii! Jumamosi wageni wa kwanza wanafika, utawaonyesha wewe!"

"Unasimamishwaje?"

"Achia tanga!"

"Nikiachia nitashika nini?"

Jovin alicheka hadi akainama. Ufukwe ukazidi kuwa mbali. Evaristo alisimama wima kuliko alivyowahi kusimama maishani, anakwenda asikotaka, na ubao haukutikisika hata kidogo.